Umechukua mbwa wa kazi na mambo hayaendi? Anza na ufizi

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Kaka, yule mbwa mliyenipa amebadilika." Nikimsikiliza mtu mpaka mwisho nakuta mbwa hajabadilika hata kidogo. Ama anaumwa, ama anaogopa, ama anaendelea na kazi aliyoifanya miaka mingi huko alikotoka, na hakuna aliyemwonesha kwamba zamu imekwisha.

Mbwa tunaowapokea hapa Mwanza na kuwatafutia nyumba mpya ni German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na machotara wao, wale ambao mtaani wote huitwa mbwa wa kizungu. Baadhi walilinda maghala na yadi, kazi ilipoisha wakaachwa getini. Wengine mwenye nyumba alihamishwa kikazi akaondoka na fanicha tu. Wachache tumewaokota wakila mabaki ya samaki mwaloni. German Shepherd alianza kuendelezwa Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa waliochunga kondoo kutwa nzima. Rottweiler alikuwa akiswaga ng'ombe na kukokota mikokoteni ya wachinjaji. Mwili na akili za namna hiyo ndizo unazozifungia kwenye ua wa hatua kumi kule Mabatini, kisha unashangaa kwa nini hatulii.

Nimezipanga dalili kama ninavyoziuliza kwenye simu: mwili kwanza, historia ya mbwa pili, tabia mwisho. Chini ya kila dalili, sababu inayoonekana sana ndiyo inayotangulia.

Kabla ya dalili yoyote

Asubuhi, mbwa akiwa ametulia, inua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba. Ufizi unatakiwa uwe wa waridi na wenye majimaji. Bonyeza, achia. Patakuwa peupe, kisha rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Wengi wao wana mabaka meusi kwenye ufizi, basi tafuta mahali pasipo na weusi, au vuta kope la chini la jicho uangalie ndani yake. Ufizi mweupe kama karatasi, wa njano au wa zambarau maana yake ni daktari wa mifugo leo hii, wala si kesho.

Nunua kipimajoto cha kawaida duka la dawa, kipake mafuta ya kujipaka, kiingize njia ya haja kubwa kwa upole. Joto la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Akiwa kivulini, amepumzika, na bado kinasoma zaidi ya 39.5, hesabu kwamba ana homa.

Kisha tafuta kupe ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani na chini ya mkia.

Kama hajakuzoea, usimshike mdomo siku ya kwanza. Ufizi utauona akihema.

Hataki kula

Siku tatu za kwanza, mara nyingi ni ugeni tu. Waokoaji wa mbwa hutumia hesabu ya tatu tatu: siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi 3 mpaka aone kwamba hapa ni kwake. Mpe kona moja yenye kivuli, bakuli la maji lisilohamishwa, na chakula kwa saa zilezile. Watoto na majirani wasije kumtazama. Weka chakula, ondoka, rudi baada ya dakika ishirini uchukue bakuli hata kama hajagusa.

Sababu ya pili ni chakula chenyewe. Mbwa aliyelishwa chakula kikavu cha dukani hawezi kugeukia ugali wa dona na dagaa kwa siku moja. Changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Na dagaa walioanikwa mchangani waoshe mara tatu, mpaka maji yasiache mchanga chini ya sufuria, maana mchanga hujaa tumboni na kuziba njia. Mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, ni chakula kizuri kwa bei ndogo, lakini yachemshe, uchuje supu na nyama, mifupa yote utupe. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu usimpe kabisa, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Sababu ya tatu ni homa ya kupe, na kipimajoto kitakuambia.

Akikataa chakula na maji kwa siku nzima, au akitapika kila anachokunywa, usisubiri siku tatu ziishe. Akihara damu yenye harufu kali inayokaa puani, fikiria parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, hasa kama hana kadi ya chanjo. Usimchanganye na mbwa wengine. Virusi hivyo hukaa ardhini miezi mingi, kwa hiyo sakafu ioshwe kwa sabuni, kisha kwa Jik kipimo kimoja katika maji vipimo thelathini.

Mkojo wa rangi ya kahawa, damu puani, macho yenye ukungu

Hapa hakuna la tabia. Karibu kila mara ni kupe. Mkojo mwekundu au wa kahawia pamoja na ufizi mweupe unaelekeza kwenye vijidudu vinavyopasua chembe nyekundu za damu. Damu inayotoka puani bila kuumia, vidoadoa vyekundu tumboni na kukonda taratibu vinaelekeza kwenye ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe wa kahawia, ehrlichiosis, ambao matibabu yake ya kawaida ni doksisaiklini kwa takriban wiki nne. Watu huacha siku ya sita kwa kuwa mbwa ameshachangamka. Ugonjwa unarudi, na safari hii ukiwa umeingia kwenye uboho.

Kama ametoka kwenye mapori yenye mbung'o na jicho limekuwa na ukungu wa samawati, mwambie daktari apime nagana pia.

Tafadhali, usimchome sindano mwenyewe. Ile dawa ya unga wa njano inayochanganywa na maji kwa ajili ya ng'ombe wenye nagana hutumika kwa mbwa pia, ila nafasi kati ya dozi inayoponya na inayoharibu ubongo wa mbwa ni ndogo sana. Nimempoteza mbwa kwa njia hiyo. Alichomwa na mtu mwenye nia njema aliyekadiria uzito kwa macho. Siku ya pili mbwa hakuweza kusimama, shingo ikapinda nyuma, na hakukuwa tena na la kufanya. Mpime uzito kabla ya dawa yoyote: panda naye kwenye mizani ya dukani, kisha panda peke yako, utoe.

Anakula vizuri lakini mbavu zinahesabika

Kwanza minyoo, kisha chakula kisicho na nguvu. Pumba na maji ya dagaa hushibisha tumbo tu. Mbwa wa kilo thelathini anahitaji samaki, nyama au mayai kila siku.

Kisha angalia gunia la mahindi. Kuna mazoea ya kumpa mbwa mahindi yaliyoota ukungu kwa sababu binadamu hayamfai. Sumukuvu iliyomo humuua mbwa, na huanza na ini: anakataa chakula, anatapika, ufizi na weupe wa macho vinageuka njano. Lisilokufaa wewe halimfai na yeye.

Kwa German Shepherd ipo sababu nyingine, si ya kawaida lakini nimekutana nayo. Kongosho huacha kutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Mbwa anakula kama moto, anajisaidia kinyesi kingi, laini, cha rangi hafifu, chenye mafuta, na bado anakonda. Hilo ni la daktari, na matibabu yake ni ya maisha.

Hatulii: anazunguka, anachimba, anatafuna viatu na mabomba

Nikuelezee Rottweiler mmoja tuliyemtoa kwenye yadi ya vyuma. Tulimfungua mnyororo chini ya mwembe, uwanja mzima wa kwake. Asubuhi ya tatu nikaona njia imechimbika kwenye vumbi, duara kamili kuzunguka shina, pana kama nyayo zake. Nikaipima kwa hatua. Kutoka shinani hadi kwenye njia ilikuwa urefu wa mnyororo wake wa zamani. Mlango wa ua ulikuwa wazi, hakuna kilichomshika, naye hakutoka nje ya duara lile kwa siku tisa. Akifika upande wa lango alisimama, akanusa, akageuka, akaendelea.

Watu wakiona hivyo husema mbwa ana wazimu. Sababu ya kwanza ni kukosa kazi na mazoezi. Ya pili ni mazoea ya mnyororo, kama huyo. Ya tatu ni maumivu: masikio yenye kupe, viroboto, au nyonga. German Shepherd na Rottweiler hupata tatizo la kiungo cha nyonga kutokaa sawasawa, na mbwa mwenye maumivu huhangaika kutafuta pa kulala. Mwangalie akiinuka asubuhi. Akisukuma kwa miguu ya mbele kwanza na kurukaruka kama sungura anapopanda ngazi, mpeleke apigwe picha kabla ya kuanza kumkimbiza.

Mwili ukiwa salama, mpe kazi. Kutembezwa peke yake hakutoshi, ingawa dakika arobaini alfajiri na arobaini jioni ni za lazima. Kazi ni pua. Chukua dagaa kumi, mwoneshe mmoja, mfungie ndani, wafiche tisa uani: chini ya kopo, nyuma ya tairi, juu ya jiwe. Mfungue, sema neno moja kila siku, "tafuta". Mara ya kwanza atakutazama usoni. Kufikia wiki ya pili utamwona anashusha kichwa, mkia unasimama, anapiga kona za ua moja baada ya nyingine kama askari wa doria, na akimaliza analala usingizi wa kweli. Yule Rottweiler alitoka kwenye duara siku ya kumi akifuata dagaa aliyewekwa hatua moja nje yake, kisha mbili, kisha tano.

Jambo jingine watu hawaliulizi: mbwa huyu anajua lugha gani? Wengi walifundishwa kwa maneno ya kigeni. Nimekuwa na mbwa aliyeonekana kiziwi kwa Kiswahili na Kisukuma, mpaka mlinzi wa zamani alipopigiwa simu akasema, "Mwambie Platz." Akalala chini papo hapo. Mtafute aliyemshika mwanzo, umuulize maneno yake. Ukiyapata, yatumie kwanza, kisha yafuatishe na ya kwako: "Platz, lala." Baada ya majuma machache "lala" itatosha.

Ananguruma, au ameshang'ata

Anza na kichaa cha mbwa, hata kama si sababu inayoongoza, kwa kuwa dalili zake zikianza karibu hakuna anayepona, mtu wala mnyama. Mbwa aliyegeuka ghafla, anayeng'ata vitu hewani, sauti imebadilika, mate yanamtoka, anayumba, au taya limeanguka na hawezi kumeza: mfungie mahali, usimguse, mwite afisa mifugo. Usiingize mkono mdomoni ukidhani mfupa umemkwama. Hivyo ndivyo watu wenye huruma wanavyoambukizwa.

Aliyeng'atwa, hata mkwaruzo tu, aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Pilipili, mafuta ya taa na jiwe la nyoka havisaidii. Mbwa asiuawe haraka. Afungiwe na kuangaliwa siku 10 na mtaalamu. Akiwa mzima siku ya kumi, basi siku aliyong'ata hakuwa anaambukiza.

Hilo likishaondolewa, sababu ya kawaida ni kulinda chakula. Mbwa aliyelala njaa kwenye yadi hamwamini anayekaribia bakuli. Pita mbali, rusha kipande kitamu zaidi kuliko kilichomo bakulini, endelea na safari yako. Kila siku sogea nusu hatua, mradi mwili wake haukazi. Mkono wako uwe ule unaoleta, kamwe usiwe unaochukua.

Inayofuata ni hofu ya kitu fulani: fimbo, kofia, mtu mwenye buti, harufu ya pombe. Andika kila tukio, nani alikuwepo, alishika nini. Baada ya matukio matatu utaona kinachojirudia. Maumivu ni sababu ya tatu. Mbwa anayenguruma ukigusa sehemu moja tu anakuelekeza pa kuangalia.

Usimpige kwa kunguruma. Kunguruma ni hodi yake. Ukimfundisha kunyamaza, atakuja kung'ata bila kubisha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza kumtesa mnyama, na kumpiga mbwa mwenye hofu mpaka anyamaze ni mateso.

Acha kujaribu mwenyewe pale anapong'ata bila kunguruma kwanza, anapong'ata na kushikilia, au anapomkazia macho mtoto mdogo akiwa kimya. Mfungie, tupigie, tutakuja. Nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu si mahali pa kumfundishia mbwa wa aina hiyo, na hakuna aibu kulisema.

Anabweka usiku kucha

Mara nyingi anaona mengi mno. Ukuta wa matundu au geti la nondo humpa kazi ya kumripoti kila bodaboda. Ziba upande wa chini kwa bati au turubai, mhamishie banda nyuma ya nyumba, mlishe na mchezo wa pua saa mbili usiku. Akilia kwa sauti nyembamba badala ya kubweka, ni upweke. Alizoea mlinzi wa zamu pembeni yake, basi alale karibu na mlango wako. Zungumza na majirani mapema. Kwa jirani Mwislamu, mate ya mbwa ni najisi, na nguo iliyoguswa nayo haifai kwa swala mpaka itwaharishwe. Hakikisha mbwa hafiki kwenye njia yake ya kwenda msikitini wala kwenye kamba ya nguo.

Anakimbiza kuku, mbuzi na bodaboda

Huku ni kuchunga bila mchungaji. Usimfungue nje ya ua kwa miezi mitatu, tumia kamba ndefu ya mita tano. Mwoneshe kuku kutoka mbali kiasi kwamba anamtazama lakini bado anaweza kula kutoka mkononi mwako. Hapo ndipo somo linapoanzia, na unasogea wiki kwa wiki. Akishaua kuku wa watu, lipa siku hiyo hiyo. Mbwa wengi wa kizungu wamewekewa sumu kwa sababu ya kuku ambaye hakulipwa.

Tumbo limevimba ghafla

Kifua kirefu cha mbwa hawa kina hatari yake: tumbo hujaa gesi na kujisokota. Anajaribu kutapika hakitoki kitu, mate yanamiminika, hapati pa kulala, tumbo gumu kama ngoma. Usimpe maziwa, soda wala mafuta, usimtembeze. Hii ni upasuaji, na inahesabiwa kwa saa chache. Chukua bajaji sasa. Kwa kinga, mgawie chakula mara mbili kwa siku, na asikimbizwe kabla wala baada ya kula kwa saa nzima.

Ameanguka, anatetemeka, povu mdomoni

Mara nyingi ni dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyochanganywa kwa kipimo cha ng'ombe. Muoshe kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, ukivaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kisha daktari. Inayofuata ni sumu iliyotegwa. Chukua chupa, pakiti au matapishi uende nayo. Maziwa na mayai yanapoteza muda, na mbwa anayetetemeka huyavuta kwenye mapafu. Baadhi ya mbwa wa jamii ya wachungaji, wakiwemo baadhi ya German Shepherd, wana urithi unaofanya sindano ya ivamektini kwa dozi ya mifugo iwaangushe.

Kama ni mchana wa jua na amekuwa akikimbia, ni joto. Mwagie maji ya kawaida tumboni na mapajani, mpepee, kisha mpeleke. Usimkimbize ziwani kumpoza. Mamba wapo, na wewe utakayeingia naye kwenye matete utatoka na kichocho.

Misuli ya taya inayorukaruka pamoja na makamasi mazito na nyayo zilizokauka ni distempa. Ugonjwa huu ndio ulioua takriban theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na mbwa wa vijiji jirani wasiochanjwa ndio walioshukiwa kuupeleka. Mchanje mbwa wako.

Umejaribu yote na bado haiwezekani

Basi mrudishe, mapema, mchana, akiwa ameshiba nusu na amevaa kola yake. Usimpe mtu wa njiani, usimwache mwaloni. Lete kadi ya chanjo yenye tarehe ya kichaa cha mbwa, bakuli lake, na kitambaa anacholalia bila kukifua, ili harufu isafiri naye. Nyuma ya kadi andika kwa kalamu ya wino vitu vitatu: anachokiogopa, chakula anachokula sasa, na kila neno analolielewa, liwe la Kijerumani, la Kisukuma au ulilomfundisha wewe.